Nyonga ya Mbithi Isiyotiwa Simiti

Mbithi hakuwa mtu wa kuchukia watu, lakini gundi aliichukia. Kibanda chake cha mipini kilikuwa kando ya barabara ya Namanga, enzi ambazo Kitengela ilikuwa bado na ng'ombe wengi kuliko mawakala wa ploti, na mteja aliyethubutu kuuliza kama mpini wa shoka ungetiwa gundi kidogo "ndio ushike" aliangaliwa kama mtu aliyeomba chai itiwe sabuni.

"Gundi ni ya fundi muongo," alikuwa akisema. "Mimi nachonga mpini uwe mnene kuliko tundu, kitu kidogo tu, kama ganda la kitunguu. Halafu napiga. Ukiingia, umeingia."

Na aliposema kupiga, alimaanisha kupiga kwa masikio. Mpini ukiingia kwenye tundu, nyundo husema ko, ko, ko, sauti ya ndani, sauti ya kitu ambacho bado kina nafasi. Halafu pigo moja linatoka tofauti, jembamba na kavu: ki. Hapo mpini umeshika. Anayeacha hapo ana shoka la miaka kumi. Anayeongeza pigo moja la kujifurahisha ana kuni, kwa sababu mti umepasuka ndani, na ufa hatauona mpaka siku chuma kitakaporuka na kumpita jirani sikioni. Mafundi wengi wa Kitengela hawakuisikia sauti hiyo, ndiyo maana duka la gundi lilikuwa na wateja.

Mwaka wa tisini na saba, mvua zile zilizogeuza barabara kuwa uji, Mbithi alipanda juu ya lori kushusha mbao na mguu ukateleza. Aliangukia nyonga ya kushoto. Aliinuka mwenyewe, akapangusa matope, akamaliza kushusha mbao, akaenda nyumbani akachuliwa kwa maji moto. Maumivu yakaisha. Baada ya mwaka yakarudi na mizigo yake, yakakaa. Kufikia mwaka wa elfu mbili na mbili alikuwa anatembea na bakora aliyojichongea, bakora nzuri sana, kiasi kwamba wateja watatu waliagiza kama hiyo. Hayo ndiyo mema pekee yaliyoletwa na ugonjwa huo.

"Baba Nzula," mkewe Phylis alimwambia, "umekuwa kama kigoda cha miguu miwili na nusu. Utaenda hospitali ama nikuweke jikoni ukaliwe?"

Phylis alikuwa mpishi wa shule. Alizoea kuamrisha sufuria za lita mia, na mume mmoja hakumtisha. Mbithi akaenda.

Daktari wa mifupa katika hospitali ya misheni aliitwa Gakuru, mtu mfupi mwenye mikono ya muuza nyama. Alibandika picha ya eksirei kwenye taa na kuonyesha kwa kalamu.

"Hiki kichwa cha mfupa kilikosa damu tangu ulipoanguka. Kimekufa, sasa kinabomoka. Tutakitoa tuweke cha chuma. Wale wazee wa miaka themanini huwa tunawashikishia na simiti."

Mbithi aligeuka kumwangalia Phylis. "Simiti? Ile ya Athi River?"

"Simiti ya mifupa, Mzee. Haichanganywi na kokoto. Lakini wewe uko na miaka arobaini na sita, bado utakitumia sana, na simiti huchoka. Wewe tutakuwekea kavu."

"Kavu namna gani?"

"Tunachimba ndani ya mfupa wa paja na tupa, tunaacha nafasi ndogo kuliko chuma chenyewe. Halafu tunagonga kiingie kwa nguvu. Mfupa unakibana."

Mbithi alivuta kiti karibu na meza. Kwa mara ya kwanza tangu apite lango la hospitali alihisi yuko na watu wa maana.

"Bila gundi?"

"Bila chochote."

"Nilaze leo."

"Subiri nimalize, Mzee. Kubanwa huko ni kwa kushikilia tu, wiki kadhaa. Kinachoshika kabisa ni mfupa wenyewe ukiota. Chuma kina uso wa kukwaruza kama msasa, mfupa unaota unaingia kwenye vile vishimo. Lakini kikitikisika huko ndani, hata zaidi kidogo ya unene wa unywele, mfupa unakataa. Panaota utando laini, na utabaki na kitu kama jino bovu linalocheza, ila liko kwenye paja. Ndio maana utatembea vile nitakuambia mimi, si vile utajisikia."

"Nimeelewa," alisema Mbithi. Alikuwa ameelewa nusu. Mambo ya tupa na nyundo aliyabeba yote. Yale ya kuota aliyaacha mezani kwa daktari, pamoja na kofia yake, na Phylis akarudi kuchukua kofia peke yake.

Walimpasua Machi, mwaka wa elfu mbili na tatu. Walimdunga sindano ya mgongo, sehemu yote ya chini ikafa ganzi, wakainua pazia la kijani kifuani ili asione. Masikio walimwachia. Kwa hiyo Mbithi alilala kwa ubavu akisikiliza kazi yake mwenyewe ikifanywa na watu wengine juu ya mwili wake. Alisikia msumeno. Alisikia tupa ikiingia na kutoka. Halafu nyundo ikaanza: ko, ko, ko. Akahesabu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu aliyekuwa akipiga hakuwa na haraka. Ko, ko. Ki.

"Imeshika!" alisema Mbithi.

Vichwa vikageukia pazia.

"Nani anaongea?" aliuliza daktari.

"Ni mgonjwa," alisema nesi.

"Daktari, imeshika. Wacha hapo."

Wakacheka. Nesi akamwambia atulie. Kukawa na milio ya vyombo kwenye sinia, watu wakiombana hiki na kile, na Mbithi akatulia kweli, akijua kazi imeisha. Ndipo likaja pigo moja zaidi. Moja tu, fupi, kali.

Mbithi akafumba macho. Basi, akajiambia. Amepasua.

Kesho yake Daktari Gakuru alipita wodini akasema kimekaa vizuri sana. Mbithi akasema asante. Swali lilikuwa mdomoni, akalimeza. Yeye mwenyewe, katika miaka ishirini ya kazi, hakuwahi kumpenda mteja anayeuliza, "Fundi, una hakika haujapasuka?" Aliwajibu wote kwamba ana hakika, wakiwemo wale wawili ambao kwao hakuwa na hakika. Hakuona sababu ya daktari kuwa mkweli kuliko yeye.

Amri ilikuwa hivi: wiki sita, magongo mawili, na mguu wa kushoto usibebe zaidi ya kilo ishirini. Mtu anajuaje kilo ishirini kwa unyayo? Mbithi alipata dawa yake kwa Muthoki, aliyekuwa na stoo ya vitunguu hatua chache kutoka kibandani, na mizani kubwa ya chini ya kupimia neti za vitunguu zilizoshushwa kutoka Kimana. Kila asubuhi Mbithi alikuja na magongo yake, akaweka unyayo wa kushoto juu ya mizani, akabonyeza taratibu mpaka mshale ugote ishirini, akakaa hapo akiusikiliza mguu.

"Fundi," Muthoki alisema siku ya kwanza, "nikutie kwa neti ama utaenda hivyo hivyo?"

"Pima tu, mama."

"Napima. Lakini huyu namwandika gredi ya pili. Upande mmoja umeoza."

Baada ya wiki moja hakuhitaji kuangalia mshale. Alijua ishirini kama anavyojua unene wa mpini. Wanunuzi wa vitunguu waliokuwa wakisimama kucheka walichoka wakarudi kwenye vitunguu vyao.

Wiki ya sita, mwisho wa Aprili, alirudi hospitalini peke yake. Daktari Gakuru aliangalia picha mpya, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akapima kwa rula. Chuma hakikuwa kimeshuka hata kidogo.

"Vizuri. Sasa ongeza uzito polepole mpaka ukanyage wote. Wiki ya kumi sitaki kuona hayo magongo. Utarudi Julai."

"Ndiyo, daktari," alisema Mbithi. Akaandikiwa kwenye kadi, akaitia mfukoni, akaenda nyumbani, akamwambia Phylis, "Amesema bado."

"Bado mpaka lini?"

"Septemba."

Septemba hakuitoa hewani. Mipini yote ya Mbithi ilikaushwa miezi sita kwenye dari ya jikoni kabla ya kuguswa, kwa sababu mti mbichi hudanganya. Ukiugonga ukiwa mbichi unashika kama pepo, halafu unakauka, unanywea, na baada ya miezi mitatu jembe linazunguka juu ya mpini kama kofia ya kukopa. Na mfupa wake ulikuwa mbichi, hilo halikuhitaji daktari. Ulikuwa na damu ndani. Juu ya ubichi, ulikuwa na ufa, kwa lile pigo la mwisho. Machi kuongeza sita ni Septemba. Aliona amepiga hesabu safi kabisa.

Basi akakaa. Phylis alimbebea maji ya kuoga kabla ya kwenda shuleni na kabla ya kulala. Alimletea chakula kibandani, akamwokotea tezo ikianguka, akamvalisha soksi. Mbithi alichonga mipini akiwa ameketi, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele kama mali ya mtu mwingine aliyoachiwa ailinde. Paja likaanza kukonda. Mwezi wa Juni suruali ilikuwa imejaa upande mmoja na kupepea upande wa pili.

Julai Phylis aliomba ruhusa shuleni akaenda naye. Foleni ilikuwa ndefu. Kwa kukosa la kufanya akachukua kadi kutoka mapajani kwa Mbithi akaanza kuisoma, kama mtu anavyosoma gazeti lililofungiwa nyama. Akafika Aprili. Akarudia.

"Baba Nzula."

"Mm."

"Hapa pameandikwa nini?"

"Mwandiko wa madaktari hausomeki."

"Huu unasomeka. Umeandikwa vizuri kuliko wa mwalimu mkuu. 'Akanyage uzito wote. Aache magongo wiki ya kumi.' Wiki ya kumi ilikuwa lini?"

Mbithi akaangalia bango la chanjo ukutani.

"Nakuuliza kwa adabu kwa sababu kuna watu," alisema Phylis kwa sauti ya chini iliyowafanya watu hao wote wageuke. "Miezi mitatu nabeba maji. Miezi mitatu nakuvalisha soksi kama bwana harusi. Nilidhani nauguza mtu."

"Amepasua," alisema Mbithi.

"Nani amepasua nini?"

"Daktari. Mfupa. Nilisikia. Alipiga moja zaidi."

Phylis akaikunja kadi, akaishika mwenyewe. Walipoitwa, yeye ndiye aliyeingia kwanza, na kabla daktari hajawaambia waketi alikuwa amekwisha kumweleza yote: pigo, ufa, Septemba, dari ya jikoni.

Daktari Gakuru alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Lile pigo moja la mwisho? Hilo halikuwa la mfupa, Mzee. Hicho kitu kiko vipande viwili, shina na kichwa. Shina ndilo tulilogonga kwenye mfupa, na ulisikia vizuri, lilishika pale uliposema. Ningekuwa na kazi ningekupa. Baada ya hapo kichwa huwekwa juu ya ncha ya shina na kupigwa mara moja. Ni chuma kwa chuma."

Mbithi alifikiria. "Kinashika bila gundi?"

"Bila gundi."

"Soksi," alisema Phylis akiwa ameangalia dari. "Soksi, kwa sababu ya chuma kwa chuma."

Daktari alibandika picha zote tatu. Akaonyesha jinsi chuma kilivyokaa palepale, na jinsi katika picha mpya mfupa ulivyokuwa umekuja kukigusa hapa na pale, alama nyeupe kama mahali palipochomelewa. Hapakuwa na mstari mweusi kati yao. Halafu akaonyesha sehemu ya juu ya paja, akaacha kuongea kama mtu anayebembeleza.

"Lakini hapa pameanza kufifia. Mfupa ukikosa kazi unapungua. Nilikuambia utulie wiki sita ndio ushike. Sasa usipoubebesha mzigo, wewe mwenyewe utalegeza nilichokaza. Na nikirudi huko ndani mara ya pili, sitapata mfupa wa kugongea."

"Ndiyo, daktari," alisema Mbithi, na safari hii Phylis alikuwepo kuisikia hiyo ndiyo.

Nyumbani alijaribu. Alisimama kati ya magongo, akakanyaga ishirini, akakanyaga thelathini, kitu kikamvuta pajani, akauinua mguu haraka.

"Inacheza," alisema.

"Ni nyama hiyo. Umeiacha ikalala."

"Wewe uko ndani?"

Ufa alikuwa ameusamehe. Ubichi hakuweza. Kwamba kitu kibichi kigongewe chuma halafu kikaze chenyewe kadiri siku zinavyopita, hilo hakuwahi kuliona, na picha ni picha. Hata yeye angeweza kupiga mpini mbovu picha ukapendeza. Kukanyaga akang'oa kila kitu, ama kutokanyaga kikalegea kidogo kidogo. Alichagua kutochagua, na wiki zikapita. Phylis aliacha kuzungumzia mguu. Maji aliyaacha mlangoni.

Mwezi wa Agosti alikuja Parsaoti, jirani wa nyuma, ambaye alikuwa ameuza kipande cha shamba na sasa alitaka kuvua seng'enge ya ua wa zamani aitumie kwingine.

"Sopa, Mbithi," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Epa."

"Kuja uning'olee misumari. Mikono iko, ama na hiyo walikata?"

Ua ulikuwa hapo hapo nyuma ya choo. Mbithi alienda kwa magongo, nyundo ya kung'olea misumari imechomekwa mkandani. Nguzo za ua zilikuwa za osilalei, ule mti ambao ukikata tawi ukalichomeka ardhini linaamka na kutoa majani. Sasa zilikuwa miti kamili, minene, na seng'enge haikupita juu yake tena. Ilipita katikati. Iliingia kwenye shina upande huu na kutokea upande ule, kama uzi kwenye ushanga.

Mbithi alitafuta msumari wa kwanza, akaona kitone cha kutu tu. Akachokonoa, akaushika kwa kucha za nyundo, akavuta. Kucha zikateleza. Akavuta tena, uso ukabadilika rangi. Parsaoti akaleta mtaimbo, wakaweka uzito wa watu wawili, na kichwa cha msumari kikakatika. Msumari wenyewe ukabaki ndani bila habari.

"Ngoja," alisema Parsaoti. Akachukua shoka, akakata nguzo juu na chini, akalipasua lile gogo katikati.

Msumari ulikuwa umelala ndani kama mbegu. Mbithi akatoa kisu akajaribu kuingiza ncha kati ya chuma na mti. Haikuingia. Akazunguka msumari wote, pande zote. Haikuingia popote.

"Nani aligonga hii?"

"Si wewe? Mwaka wa tisini, tukiweka ua."

"Ilikuwa mbichi?"

"Mbichi kabisa, tulikuwa tumekata jana yake. Ukanitukana. Ukasema, Parsaoti, mti mbichi haugongewi misumari, kabla mwaka uishe utaniita nikuje nirudie."

"Na ikalegea?"

"Nimekuita?" Parsaoti alimshangaa. "Italegea aje na haikukauka? Hii kitu iko hai. Inakula hiyo chuma."

Mbithi aliketi juu ya kipande cha nguzo. Miaka ishirini alikuwa amefanya kazi na miti, na yote aliipokea ikiwa imekufa. Kama kuna kitu hai kilichowahi kupita mikononi mwake kilikuwa ni ua huu, akaugongea misumari siku tatu akaondoka akiuponda. Alikaa na kile kipande cha mti mkononi muda uliomtosha Parsaoti kukunja seng'enge ya nguzo mbili.

Kisha akasimama kati ya magongo. Akaweka unyayo wa kushoto chini, akabonyeza. Ishirini. Thelathini. Ile nyama ya pajani ikavuta, akaiacha ivute. Arobaini. Akasubiri kitu kicheze ndani kabisa, chini ya nyama, na akasikiliza kama alivyosikiliza mipini yote aliyowahi kuuza. Hakikucheza. Akaegemeza gongo moja kwenye ua.

"Nikushike?" aliuliza Parsaoti.

"Usinishike. Ukinishika nitapima mkono wako."

Akapiga hatua. Paja likatetemeka, kiuno kikaanguka upande kama mlango uliotoka bawaba, akashika nguzo. Hatua nyingine, nguzo nyingine. Gongo la pili liliachwa kwenye nguzo ya nne. Jasho lilimtoka kwa hatua ambazo mbuzi wa Parsaoti walizipita wakitafuna. Chuma kilikuwa sawa. Mtu ndiye aliyekuwa ameharibika, na ilimchukua mwaka mzima na mvua zote mbili kuacha kuchechemea. Aliyemuuliza sababu alimjibu ukweli, kwamba daktari alifanya kazi yake na mgonjwa akafanya ya daktari.

Lakini siku hiyo alifika kwenye kona, mahali ua unapokata kuelekea barabarani, na nguzo ya kona ilikuwa imekwisha kung'olewa.

"Haya, geuka," Parsaoti alipaza sauti kutoka nyuma. "Ama unaenda Tanzania?"

Mbithi aligeuka. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa upande wa ndani, kwa hiyo akabaki juu yake peke yake, bila cha kushika, mpaka ule wa kulia ulipomaliza kuzunguka.